Wanafunzi wangu wanaudanganya mfumo wa mtandaoni, na kosa ni langu

Mwalimu wa Jioni (mwanzisha uzi) · Jumanne, saa 2:40 usiku

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Nafundisha takwimu kwa njia ya mtandao kwenye chuo kimoja. Sitakitaja, ugali wangu uko huko. Wanafunzi wangu ni watu wazima: wauguzi, walimu wa msingi, makarani wawili wa halmashauri, mama mmoja mwenye duka la dawa. Wanasoma usiku watoto wakishalala. Mwaka jana chuo kilifunga programu mpya juu ya Moodle yetu, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni. Mwanafunzi anafanya mazoezi, programu inakisia anajua nini na hajui nini, halafu inampangia somo linalofuata. Aliyekwama kwenye wastani anarudishwa kwenye wastani, anayepeta anasogezwa mbele. Mimi nina ukurasa wangu wa rangi: kijani, njano, nyekundu. Naona nani kaingia saa ngapi, swali gani kalikalia dakika ngapi, kabofya "nisaidie" mara ngapi.

Ukurasa ule niliupenda, nakiri. Nilikuwa naufungua asubuhi kabla ya chai, kama mtu anavyoangalia salio.

Wiki ya 5 darasa zima likawa kijani. Watu 43, kijani tupu. Nikatamba mpaka kwa mke wangu. Ukaja mtihani wa kati, ule wa karatasi, kwenye vituo. Wakuu, ilikuwa majanga. Watu waliokuwa kijani kibichi kwenye mkengeuko sanifu (kile kipimo cha namba zilivyotawanyika kuzunguka wastani) walirudisha karatasi nyeupe pe.

Nikarudi kwenye kumbukumbu za mfumo. Muuguzi mmoja, nimwite Dada N., alikuwa anajibu swali la hatua sita kwa sekunde 11. Sahihi. Linalofuata sekunde 9, sahihi. Nikafungua wengine: hivyo hivyo. Tangu wiki ya 2 hakuna aliyekosea wala aliyebofya "nisaidie" hata mara moja.

Nikampigia. Mwanzo alinizungusha, akaniuliza na habari za nyumbani mara mbili. Mwisho akasema: "Mwalimu, tuna kundi letu la WhatsApp ambalo wewe humo. Mazoezi tunafanya kwanza kwenye daftari, tunasahihishana humo, ndipo tunaingia kwenye mfumo kujaza." Nikamuuliza, sasa si mkosee humo humo kwenye mfumo, mazoezi hayana alama? Akanyamaza. Kisha: "Siku ile ulisema mbele ya wote, 'Nimeona Dada N. jana saa sita usiku ulikuwa unahangaika na swali la tatu, hongera kwa bidii.' Ulikuwa unanitia moyo, najua. Lakini tangu siku ile tukajua unaona."

Akaongeza: "Na sisi tunaolipiwa na mwajiri, hizo rangi zinamfikia mganga mfawidhi?"

Sikuwa na jibu. Nafundisha pale mwaka wa tatu na sijui rangi zinakwenda wapi.

Ndiyo hali yangu. Programu inawapangia watu 43 masomo kwa kufuata majibu ambayo si ya yeyote kati yao, ni ya kundi la WhatsApp. Hati ya faragha tunayo, kurasa 14, kila mmoja kaweka tiki siku ya kujisajili, kwa hiyo tafadhali msiniambie niandike hati. Nataka kujua mtu aliyeshajificha unamrudishaje akosee mbele yako.

Kisu cha Mkwezi · saa 2:46 usiku

Nimesoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Yape mazoezi alama, wataacha utani.

Mwalimu wa Jioni · saa 2:48 usiku

Mkuu, rudi usome ya katikati.

Fundi Seva · saa 3:20 usiku

Mwalimu, ngoja niseme upande wa mashine, ndiko ninakolia mimi.

Moodle yenyewe, hata bila hiyo nyongeza, inaandika kila mbofyo: nani, ukurasa gani, saa ngapi, kutoka anwani gani ya IP. Hilo ni daftari la mahudhurio tu. Hizi programu za kupanga masomo ndizo zinazokwenda mbali. Nyingi zimejengwa juu ya wazo la miaka ya 1990 la Albert Corbett na John Anderson wa Carnegie Mellon, Marekani. Kwa kila ujuzi mashine inabeba makisio manne: kwamba mtu alishaujua kabla hajaanza, kwamba amejifunza alipojaribu, kwamba kapata kwa kubahatisha, na kwamba anajua ila kateleza. Kila jibu likiingia, mashine inatumia makisio hayo kusogeza juu au chini imani yake kwamba mtu huyu sasa anaujua ujuzi ule.

Sasa tazama. Kubahatisha kumewekewa nafasi, kuteleza kumewekewa nafasi. "Nimejaza kutoka kwenye daftari la shoga yangu" hakuna. Majibu matano sahihi mfululizo, mashine inakula yamini kwamba huyu anajua. Kukosea kwa watu ndicho chakula chake. Wanafunzi wako wameinyima chakula, na kwenye kioo chako inaonekana imenawiri.

Halafu kuna jambo la simu, na hili watu wa mbali wanaotengeneza hizi programu hawaliwazi kabisa. Niliwahi kufanya mradi wa wanafunzi wa sekondari. Kuna mtoto mmoja asubuhi anajua aljebra, jioni hajui kujumlisha sehemu. Tulikaa siku tatu tunatafuta kosa kwenye programu. Kumbe simu ni ya baba, watoto watatu, akaunti moja. Mashine ilikuwa imewachanganya ikapata mtoto wa nne ambaye hayupo duniani, na ndiye iliyokuwa inamfundisha.

Na namba ya simu kama jina la kuingilia! Laini ikikaa miezi bila kutumika kampuni inaigawa kwa mtu mwingine. Huyo mpya akibofya "nimesahau neno la siri", tarakimu sita zinaingia kwake. Anafungua historia yote ya mtu asiyemjua: alifeli nini, saa ngapi za usiku.

Binti Sapu · saa 3:41 usiku

Mimi ni mwanafunzi, niwape ya upande wa pili wa kioo.

Chuo nilichoanzia mtihani ulikuwa wa kamera. Kabla ya kuanza unaambiwa uizungushe kompyuta uonyeshe chumba kizima. Mimi nimepanga chumba kimoja Mbagala. Kuzungusha kamera maana yake ni kuonyesha kitanda, ndoo mbili, mtungi wa gesi, kanga nilizoanika ndani kwa sababu nje mvua, na mtoto wa dada amelala chali mdomo wazi. Nikamuuliza msimamizi ile video inakaa wapi. Akajibu: "Kwenye mfumo." Nikauliza mfumo uko wapi. Akasema muda wa maswali umekwisha, mtihani unaanza.

Nilifaulu. Lakini tangu hapo sijafungua kamera kwenye kipindi chochote, hata cha majadiliano ya kawaida. Mwalimu mmoja akaniandikia kwenye tathmini, "hashiriki".

Mwanasheria Mchovu · saa 4:02 usiku

@Binti Sapu, kesi kama yako ilifika mahakamani. Agosti 2022, jaji wa mahakama ya shirikisho kule Ohio alisema Chuo Kikuu cha Cleveland State kilimvunjia mwanafunzi haki ya kutopekuliwa ovyo kilipomtaka aonyeshe chumba chake cha kulala kabla ya mtihani. Upekuzi wenyewe haukufika hata dakika moja. Chuo kilijitetea kwamba ndiyo desturi siku hizi, jaji hakuipokea hiyo.

Kwetu Tanzania: ibara ya 16 ya Katiba, kisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inayotumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Mwalimu, chuo chako kinakusanya taarifa za watu, kwa hiyo kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kwenye Tume. Mwanafunzi anaweza kuwauliza "mna nini kunihusu", akasahihishiwa palipokosewa, na akakataa uamuzi mzito kumhusu kufanywa na mashine peke yake. Na suala la mganga mfawidhi si dogo. Taarifa iliyokusanywa ili mtu afundishwe haigeuzwi kimyakimya kuwa ya kumpima kazini.

Ila nikwambie kama mtu aliyeshachoka. Sheria itakusaidia usiburuzwe. Dada N. haitamfanya abofye "nisaidie".

Mvita Kaskazi · saa 4:30 usiku

Salaam kutoka Mombasa. Sisi sheria yetu ni ya 2019, kifungu cha 33 chasema data ya mtoto haiguswi bila idhini ya mzazi au mlezi. Watu waliifanya mzaha mpaka Septemba 2023, Kamishna wa Data alipoitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hapo ndipo shule ya wanangu nayo ikashtuka, ikatuletea fomu.

Fomu yenyewe sasa! Visanduku 11 vya kutia alama, na chini kabisa maandishi madogo: asiyetia sahihi mwanawe hataingia masomo ya mtandaoni. Hiyo ni idhini au ni konda wa matatu akuulizaye utalipa ama akushukishe katikati ya daraja la Nyali?

Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walichunguza programu za kusomea zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa Korona. Takriban asilimia 89 zilikutwa na mambo yanayohatarisha au kuvunja haki za watoto, nyingi zikipeleka data kwa kampuni za matangazo. Mtoto afungua hesabu, mwenye kuuza viatu yuaarifiwa.

Asiyelala Muscat · saa 5:15 usiku

Mimi ni wa kazi za ndani huku Oman. Najifunza Kiingereza kwa simu usiku nikimaliza vyombo. Nyie mnaogopa wadukuzi. Mimi programu ilinichoma kwenye kioo tu. Saa nane mchana simu iko juu ya meza ya jikoni, ikawaka: "Jana hukusoma! Usikate tamaa, kazi mpya inakusubiri." Kwa Kiswahili. Na mama mwenye nyumba nyanya yake alizaliwa Unguja, Kiswahili anakijua kuliko mimi.

Siku tatu hakunisemesha. Nilikuwa nimeandika tu sehemu ya "lengo lako ni nini", nikadhani naiambia programu.

Fundi Seva · saa 5:22 usiku

@Asiyelala Muscat pole sana dada yangu. Na hapo mtengenezaji atakwambia hakuna data iliyovuja.

Mbeba Boksi · Jumatano, saa 12:10 asubuhi

Huku kwa mabeberu ni usiku, nimetoka zamu, nimeusoma wote. Nina kisa kimoja, kinamfaa Mwalimu.

Nilikuwa jimbo la New York mwaka 2013, mwanangu darasa la tatu. Ukaja mradi unaitwa inBloom. Pesa kama dola milioni 100, nyingi za mfuko wa Bill na Melinda Gates, nyingine za mfuko wa Carnegie. Wazo lenyewe halikuwa baya: data za wanafunzi zilizotapakaa kwenye mifumo tofauti ziwekwe mahali pamoja, ili programu yoyote imfundishe mtoto kadiri alivyo. Orodha ya vitu walivyoweza kuhifadhi ilipita 400. Humo mna ulemavu, mna adhabu alizopewa, mna uhusiano wa kifamilia.

Tukaitwa kikao cha wazazi. Mama mmoja akasimama akauliza: "Mwanangu alifukuzwa shule wiki moja akiwa na miaka 8. Akiwa na 18 nani atakuwa anaisoma hiyo?" Yule bwana wa mradi akajibu kuhusu usimbaji. Kwamba data imefungwa kwa namna ambayo hata benki zinaitamani. Mama akarudia swali lile lile, polepole, kama unavyomsemesha mgeni. Bwana naye akarudia jibu lile lile.

Aprili 2014 inBloom ikatangaza kufunga. Hakuna aliyedukua hata jina moja! Jimbo baada ya jimbo lilijitoa, na New York ikatunga sheria kabisa ya kuzuia. Dola milioni 100 zilikwama kwa mama mmoja wa kikao na wenzake, kwa sababu aliyeulizwa "nani" alijibu "kwa kufuli gani".

Miaka kumi baadaye, Desemba 2024, PowerSchool ikadukuliwa. Hiyo ndiyo inayoshika kumbukumbu za shule kibao Marekani na Kanada. Mdukuzi alidai ana taarifa za wanafunzi zaidi ya milioni 60. Aliingia na neno la siri la kuibwa, basi. Kampuni ikalipa ili data ifutwe, ikaonyeshwa na video ya kufuta. Mei 2025 shule zikaanza kutishiwa kwa data ile ile. Na katika walioibiwa kuna watu waliohitimu zamani, wana watoto wao sasa. Kitu ambacho hukukitunza hakiibiwi, Mwalimu. Anza na hapo.

Kisu cha Mkwezi · saa 1:05 asubuhi

Haya nimesoma yote, nimeelewa, naomba radhi. Sasa si umpe kila mwanafunzi namba badala ya jina? Unaona namba 17 kakosea, humjui ni nani. Kwisha habari.

Mhitimu wa Kata · saa 1:30 asubuhi

Ndugu yangu, umesoma Tanzania hii hii? Matokeo ya kidato cha nne NECTA, baraza la mitihani, wanayaweka kwa namba ya mtahiniwa, jina halipo. Shule nzima inajua yako. Wasichana wanatangulia, wavulana wanafuata, kwa alfabeti. Mimi nilikuwa nyuma ya Rajabu. Nikiona Rajabu kapata daraja la tatu, mstari wa chini yake ni wangu, na shangazi yangu wa Singida ambaye hajawahi kukanyaga shule yetu aliusoma kabla yangu.

Namba inamficha mtu kwa asiyemjua tu. Kwa wanaomjua, na ndio anaowaonea haya, yuko uchi.

Halafu hizi mashine za kukisia mimi nina kinyongo nazo. Mwaka 2020 Uingereza walifuta mitihani kwa Korona, wakaachia mashine ya Ofqual, wasimamizi wa mitihani wa huko, isawazishe alama. Ilikuwa inatazama shule yako huko nyuma ilifanyaje. Kama asilimia 40 ya alama zilishushwa chini ya zile walimu walizokadiria, wakaandamana, tarehe 17 Agosti ikatupwa. Mtoto wa shule ya kata hahitaji kuelezwa hiyo ina maana gani. Mwalimu, huo ukurasa wako wa rangi unajua nani kasoma wapi?

Dawa Mseto · saa 3:50 asubuhi

Mwalimu, shikamoo.

Umeandika takwimu, watu 43, wauguzi, makarani wawili wa halmashauri, na mama mmoja mwenye duka la dawa. Mama mwenye duka la dawa darasani ni mmoja tu. Ndiye mimi. Uzi huu umetumwa kwenye kundi letu leo alfajiri, na Dada N. tulimjua kwenye sentensi ya kwanza.

Kisu cha Mkwezi · saa 3:52 asubuhi

Yarabi.

Mwalimu wa Jioni · saa 4:15 asubuhi

Marahaba. Sina la kujitetea. Nilibadilisha jina nikadhani nimeficha. Nimewaandikia wasimamizi waondoe ule mstari pale juu. Dada N. nimempigia, hajapokea, na ana haki ya kutopokea.

Dawa Mseto · saa 4:31 asubuhi

Wa kwangu mimi uache, tayari umeshanukuliwa mara tatu na mteja mmoja kaniuliza. Ila ungeniuliza kwanza ningekubali bila hata kufikiri. Hapo ndipo panaponiuma.

Na maadamu tumeshakutana huku, nikwambie kwa nini mimi sibofyi "nisaidie". Siogopi wewe. Mwanangu wa kidato cha pili ananiingizia kompyuta, anaona kile kitufe kinahesabu: "Umeomba msaada mara 6". Nikiomba ya 7 anacheka. Ondoa hesabu hiyo.

Fundi Seva · saa 4:40 asubuhi

Hilo la kuhesabu msaada linazimwa. Dakika mbili. Hakuna fundi aliyewahi kuulizwa alizime.

Mwanasheria Mchovu · saa 5:00 asubuhi

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliandika sera ya matumizi ya data za wanafunzi mwaka 2014, na kuna kanuni moja mle ambayo naipenda: mwanafunzi asichukuliwe kwamba yeye ni zile data zake zinazoonekana, wala tafsiri yetu juu yake. Mwalimu, waonyeshe hiyo wakubwa zako. Ukienda na faini wataita mwanasheria, atakuja mtu kama mimi, na mtaongezewa kurasa 6 kwenye zile 14.

Mwalimu wa Jioni · wiki tatu baadaye, Alhamisi, saa 3:10 usiku

Wakuu nimerudi, naleta mrejesho.

Kwanza sikuandika kitu. Nilirekodi sauti ya dakika nne, nikampa kilanja aipeleke kwenye lile kundi ambalo mimi simo. Nilisema ninachokiona, kimoja kimoja, na nikasema niliropoka siku ile ya Dada N. Nikaomba tukutane Zoom Jumamosi, kamera si lazima.

Jumamosi nikawafungulia ukurasa wangu, ule wa mwalimu. Nilitengeneza mwanafunzi wa uongo, nikamwita Mzee Kobe, nikaingia kwa jina lake kwenye simu na ukurasa wangu ukiwa wazi mbele yao. Mzee Kobe akakosea maswali sita kwa makusudi. Wakaona kijani kinakwenda njano, njano inakwenda nyekundu. Nikamwacha Mzee Kobe kwenye swali la 7, nikaenda kumimina chai. Kurudi, mfumo umeandika: "Anahangaika, dakika 5." Walicheka mpaka mmoja akafungua kamera kwa bahati mbaya. Mwalimu mmoja wa msingi akasema, na safari hii naandika kwa ruhusa yake, kwamba wiki ya 2 mfumo ulimwandikia dakika 47 kwenye swali moja na kumrudisha mwanzo. Umeme ulikatika, alikuwa anatafuta mshumaa.

Kwa hiyo sasa kila mmoja ana ukurasa wake: "Mfumo unadhani hujui kutafuta wastani. Ni kweli?" Akibofya "si kweli" anaandika sababu na kisio hilo linafutwa. Sababu zilizokuja mpaka sasa ni za umeme, mtoto, na moja ya mume aliyetaka kuangalia mpira kwenye kompyuta hiyo hiyo.

La mganga mfawidhi lilinichukua siku 9 za kubisha hodi ofisini. Jibu: mwajiri anapata matokeo ya mwisho tu, rangi haziendi. Nikaomba kwa maandishi, nikawasomea barua neno kwa neno. Ila katika kutafuta nikakuta mkataba na wenye programu unawaruhusu kutumia mazoezi ya wanafunzi "kuboresha huduma". Huduma ipi, haijasemwa. Hiyo nayo nimewasomea, maana ningeiruka ningekuwa yule bwana wa usimbaji wa Mbeba Boksi. Chuo kinasema kitaijadili.

Mazoezi na mitihani tumevitenga. Kwenye mazoezi sioni majina, naona swali: wangapi walikosea na walikosea vipi. Fundi Seva alinishauri faraghani kwamba kundi likiwa chini ya watu watano namba isionekane kabisa, la sivyo nitawahesabu kama shangazi wa Singida. Kile kihesabio cha msaada kimezimwa. Na nimewaahidi kila kitu cha mazoezi kinafutwa baada ya siku 30.

Hali ya sasa: nyekundu imerudi. Swali la mkengeuko sanifu, watu 29 walikosea mara ya kwanza, na wengi kwa kosa moja, wanasahau kupiga kipeo cha pili kabla ya kujumlisha. Miezi mitatu nilikuwa sijui kwamba hawajui hilo! Nimelifundisha upya jana kwa dakika 15.

Kuna kama wanane bado wanajaza kutoka kwenye daftari, zile sekunde 10 zinaonekana hata bila jina. Dada N. aliniambia mwenyewe kwamba ni mmoja wao. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, "Nitaangalia kwanza, Mwalimu."

Kisu cha Mkwezi · saa 3:18 usiku

Mzee Kobe apewe cheti.

Mvita Kaskazi · saa 3:40 usiku

Hiyo ya kuwafungulia kioo chako naichukua niipeleke kwa mwalimu mkuu wa wanangu. Najua atakataa. Naipeleka vivyo hivyo.

Fundi Seva · saa 3:55 usiku

Safi sana mkuu. Swali moja la kifundi. Umesema mazoezi yanafutwa kila siku 30. Yanafutwa kwenye kanzidata peke yake, au na kwenye nakala rudufu?

Mwalimu wa Jioni · saa 3:58 usiku

Sijui. Kesho namuuliza kijana wa seva.

Mwalimu wa Jioni · Ijumaa, saa 5:20 asubuhi

Nakala zinachukuliwa kila Jumapili usiku. Hakuna hata moja iliyowahi kufutwa. Zipo zote tangu programu ilipofungwa mwaka jana, mbofyo kwa mbofyo, na majina yao. Kijana ananiambia hakuna aliyewahi kumwambia afute, na nafasi kwenye diski ipo.

Dawa Mseto · saa 5:26 asubuhi

Utatuambia kwenye kundi, au tujue huku huku tena?

Mwalimu wa Jioni · saa 5:41 asubuhi

Narekodi. Hii ni mara ya tatu, kila nikifika pale pa "niliwaahidi" nasitisha naanza upya.